Lumbesa

Mwalimu Atuganile aliniandikia kwa kalamu nyekundu:
Afande mstaafu, njoo utuamulie mdahalo,
Jumamosi, saa nne, bwalo la chakula.
Nikavaa koti. Juni ya Mbeya haina adabu;
ukungu ulishuka kutoka Loleza
hadi kwenye magoti ya ng'ombe.

Ubaoni, kwa chaki: HOJA.
Adui akijificha kwa raia,
damu yao si juu ya anayepiga.

Gwantwa wa kidato cha tano alitangulia,
soksi moja juu, moja chini,
akasema sheria za vita hazikuandikwa na malaika.
Hazisemi raia asife.
Zinasema umtenge na mwenye bunduki,
umtahadharishe,
na kifo chake kisizidi
faida unayoitafuta.
"Uwiano," akasema,
akaliandika neno hewani kwa kidole.
Makofi. Mtu akagonga sahani.

Lusekelo akainuka.
Mtoto wa mkulima wa Umalila, nilimjua kwa viatu:
udongo ule hautoki kwa maji.
Hakunukuu ibara.
Aliuliza, "Gunia la viazi ni kilo ngapi?"
Bwalo likacheka. "Mia!"
"Mia kwa sheria. Na baba yangu anauza ngapi?"
Kicheko kikakatika,
maana kila mtu mle ana baba.
"Wakala anakuja na gunia lake,
anajaza hadi mdomoni, anavika kilemba,
anashona kwa kamba, anaongeza tena,
halafu anasema: hili ni moja.
Sheria ipo. Mzani upo, ofisini,
umefunikwa kitambaa.
Sasa huyo mwenye ndege,
anayejipimia faida yake mwenyewe
na kutupimia sisi maiti zetu,
dada Gwantwa, kilemba chake
atakishusha nani?"

Gwantwa hakurudi nyuma. Nilimpenda kwa hilo.
"Ukiifuta hiyo mia," alisema,
"wakala utamshtaki kwa lipi?
Kupunjwa pasipo kipimo
hakuitwi hata kupunjwa."

Kengele ilikuwa mkononi mwangu.
Dakika zilikwisha, sikuipiga.

Nilikuwa mji mwingine, ng'ambo,
jina silitaji, wenyewe wanalijua.
Ghorofa moja, chini duka la fundi cherehani,
dirisha la juu linatema risasi.
Tulitangaza kwa kipaza sauti: tokeni, dakika kumi.
Kwa Kiswahili, tena kwa upole.
Nilihesabu waliotoka,
kumi na wanane na mbuzi.
Waliokuwemo hakuna aliyenihesabia.
Nikasema redioni: Wametoka. Piga.
Maneno mawili.

Fundi tulimkuta chini ya meza,
futi yake ya kupimia ingali shingoni,
namba zote zinasomeka.
Jirani akatuambia, bila hasira,
kama anayemwelekeza mgeni njia:
huyo alikuwa kiziwi tangu surua ya utotoni.

Tume ikaja, ikapima kuta, ikaandika
kwamba tulikuwa ndani ya sheria.
Nikasaini. Na ni kweli, tulikuwa ndani.
Hilo ndilo huniamsha saa tisa,
si lile dirisha.

"Afande? Alama?"
Fomu ilikuwa na visanduku:
Ufasaha. Ushahidi. Utunzaji wa muda.
Nikampa Gwantwa ushindi, kwa alama moja.
Sikuombwa sababu, sikuitoa.

Nje, Lusekelo alinifuata hadi getini,
mikono mifukoni, pumzi ikitoka kama moshi.
"Mzee, wewe uliwahi kuona?"
Nikamuuliza viazi vya Umalila vikoje msimu huu.
Akanitazama kidogo.
"Vimeoza," akasema. "Mvua ilizidi."
Ilizidi kiasi gani, sikuuliza.